Wimbo Ambao DJ Hakuupiga

Ukitaka kuwagombanisha ma-DJ wa Kampala, usiguse pesa zao wala majina yao. Uliza tu hivi: anayetumia kile kitufe cha kompyuta cha kulinganisha midundo ya nyimbo mbili ni DJ au si DJ? Utakaa hapo mpaka rolex yako, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, ipoe mkononi. Wakongwe, waliojifunzia kwenye CD na wachache kwenye santuri, watakuambia huyo ni mwendesha kompyuta. Vijana watacheka na kukuuliza kama nyumbani kwako bado mnapekecha vijiti kupata moto.

Ugomvi huo niliukuta Busia, upande wetu wa Uganda wa mpaka na Kenya, nilipokuwa mbeba spika wa disko la kuhamahama. Nilipohamia Kampala kupiga muziki kwenye baa za Kabalagala na Kansanga, nikakuta umenitangulia. Nilipiga miaka sita. Sikuwa hodari sana, ndiyo maana leo naandika. Lakini nilibahatika kukaa nyuma ya mtu aliyekuwa hodari, mkubwa wangu ambaye sote tulimwita Mwalimu, na kwa kumtazama nikaona kwamba wale wanaobishana kuhusu kitufe wanabishana kuhusu sehemu ndogo kabisa ya kazi.

DJ wa klabu anachezea muda, na muda wenyewe ni wa aina tatu. Kuna muda wa mdundo, unaohesabiwa kwa vipande vya sekunde. Kuna muda wa wimbo, wa dakika chache. Halafu kuna muda wa usiku mzima, kuanzia meneja anapowasha feni mpaka baunsa anapofungua mlango wa nyuma. Kitufe kimerahisisha ule wa kwanza. Ile miwili mingine haina kitufe.

Punda wawili, mkokoteni mmoja

Kila wimbo wa kuchezwa una mwendo wake, nao hupimwa kwa idadi ya midundo ndani ya dakika moja. Amapiano ya Afrika Kusini hutembea kwenye 112 hivi. Hausi huwa kati ya 120 na 128. Singeli ya Dar es Salaam inavuka 200 bila aibu, na kuna inayogusa 300. Sasa chukua nyimbo mbili, moja ya 112 na nyingine ya 114. Kwa sikio la mpita njia ni mwendo mmoja. Zianzishe pamoja: baada ya sekunde 15 tu moja imeitangulia nyingine kwa nusu mdundo, ngoma ya huyu inaangukia katikati ya ngoma za yule, na ukumbi mzima unasikia punda wawili waliofungwa mkokoteni mmoja wakiteremka mlima, kila mmoja na haraka zake.

Dawa yake ni kuusukuma ule wa 112 kwa asilimia isiyofika 2, kisha kuupangusa kidogo kwa kidole hadi ngoma zikae juu ya ngoma. Anayetajwa zaidi kwa kuifanya kazi hiyo mapema ni Francis Grasso wa klabu ya Sanctuary, New York, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, kwa sikio na vidole, juu ya mashine ambazo hazikuundwa kwa ajili hiyo. Kampuni ya Technics ilitoa mashine ya santuri ya SL-1200 mwaka 1972, na toleo la 1979 likaja na kile kiteleza cha kuongeza au kupunguza mwendo hadi asilimia 8. Kazi ikapata jembe lake. Leo laptopu ya mtumba inaifanya hesabu hiyo kabla hujainua kidole, na pia inazuia sauti ya mwimbaji isipande. Zamani ukiongeza mwendo kwa asilimia 6 wimbo mzima ulipanda nusu hatua, na mwanamume wa miaka 40 akaanza kuimba kama mpwa wake.

Mimi nilikibonyeza kitufe hicho na sioni haya. Ila kina ugonjwa mmoja ambao mtu wa Uganda ataugundua mapema kuliko mtu wa Berlin. Mara nyingi kompyuta inadhani kila mpiga ngoma ni saa ya ukutani. Wimbo uliotengenezwa kwenye kompyuta hauyumbi, kwa hiyo mambo yanakwenda sawa. Lakini itie Afrigo Band, bendi iliyoanzishwa mwaka 1975 na watu wa nyama na damu, au rumba ya Kinshasa ya enzi zile. Mpiga ngoma anafurahi katikati ya wimbo, anaongeza kasi bila kumwambia mtu. Kufikia sebene, yaani pale waimbaji wanapokaa kando na magitaa kushika usukani, wimbo si ule ulioanza. Programu ilikwisha kupiga mahesabu mwanzoni, inaendelea kuamini mahesabu yake, na hapo ndipo punda wanapoachana. Kampala ni mji ambao usiku usio na Lingala, yaani muziki wa Kongo, wala nyimbo za zamani bado haujakamilika. Kwa hiyo sikio halijastaafu.

Kuna faida nyingine ya kujua hesabu hizi, na ni ya raha. 112 mara mbili ni 224. Maana yake amapiano ya taratibu na singeli ya kukimbia zinaweza kukaa pamoja, mguu mmoja wa huyu kwa miguu miwili ya yule. Niliona hilo likifanywa Jinja, na watu waliokuwa wakiyumba kwa mabega wakajikuta wanaruka kabla hawajajua nani kawaambia waruke.

Pa kuingilia na pa kutokea

Muda wa pili, wa wimbo, ndio unaowatofautisha wanaojua muziki na wanaojua mashine tu. Nyimbo nyingi za klabu zimejengwa kwa mafungu ya midundo 32. Kwenye mwendo wa 113, fungu moja ni sekunde 17. Kila fungu likiisha kuna jambo: besi inaingia, kibwagizo kinaanza, ngoma zinanyamaza. DJ akiuingiza wimbo mpya fungu linapoanza, mwili wa mchezaji unaona ni sawa, ingawa hajui kwa nini. Akiuingiza kwenye mdundo wa kumi na tisa, hata kama midundo imelingana sawasawa, mchezaji anahisi kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Mwalimu alinifundisha kuhesabu kwa kisigino. Wiki mbili hakuniruhusu kugusa miksa, ile mashine ya kuchanganyia nyimbo. "Kaa hapo, hesabu, ukifika thelathini na mbili niguse bega." Nilimgusa bega usiku kucha kama mtu anayeamsha abiria kwenye basi. Wiki ya tatu nilikuwa sihesabu tena, nilikuwa nasikia.

Kisha kuna suala la sauti juu ya sauti. Ukiacha waimbaji wawili waimbe kwa pamoja, umeweka wahubiri wawili kwenye kona moja ya stendi ya taksi, na hakuna atakayeokoka. Na kuna besi, ambayo ndiyo mahali pa hatari. Mawimbi ya besi ni marefu; la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, yaani refu kuliko vyumba vingi tunavyoviita klabu. Nyimbo mbili zikiachiwa besi zote mbili, mawimbi hayo yanajumlishana hapa na kufutana pale, na unachopata ni mngurumo wa lori lililokwama. Ndiyo maana ukimtazama DJ anayejua utaona mkono wake wa kushoto unakata besi ya wimbo unaotoka wakati wa kulia unairudisha ya unaoingia, kwa mpigo mmoja. Ni tendo dogo, halionekani kwa aliyesimama kaunta, lakini wachezaji wanalipata kifuani.

Taa nyekundu za miksa nazo ni somo, na kwetu ni somo lisilosomwa. Zikiwaka mfululizo maana yake umevuka uwezo wa mashine, sauti inakatwa vichwa, na spika ndogo za juu ndizo zinazoungua kwanza. DJ mwoga akiona watu hawachezi anapandisha sauti. Mwenye baa anadhani ni ufundi, mpaka fundi wa spika alete bili.

Na faili. Mtu ananunua flashi iliyojazwa nyimbo kwa bei ya soda, zimenakiliwa kutoka YouTube, zikabanwa na kubanwa tena. Kwenye simu zinasikika vizuri kabisa. Kwenye spika kubwa utasikia matoazi yamegeuka kuwa mchanga unaomwagwa juu ya bati, kwa sababu ubanaji wa namna hiyo hutupa sauti za juu kwanza. Mwalimu alikuwa na sheria yake: wimbo asioupata kwa ubora unaofaa haupigi, hata kama mji mzima unauimba. Tulimwona mwenye kiburi. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba wateja wake walikuwa wakikaa kwa muda mrefu zaidi bila kuumwa kichwa.

Wali wote kwa wageni wa mapema

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, maana ndipo kazi ilipo.

Usiku wangu wa kwanza peke yangu, kwenye baa moja ya Busia, watu kumi na wawili walikuwa wameshaketi saa tatu. Nikapiga wimbo uliokuwa ukivuma mwezi ule. Wakashangilia. Nikapiga mwingine wa namna hiyo hiyo, wakashangilia zaidi, mmoja akanitumia soda. Nikaona kumbe kazi yenyewe ni rahisi. Ilipofika saa sita, madereva wa malori wameingia, vijana wa kubadilisha fedha wameingia, dada wa salunini wamefika na wenzao, ukumbi umejaa, nami sina kitu. Kila wimbo mkali nilikuwa nimekwisha kuutumia kwa watu kumi na wawili ambao wengi wao walikuwa wameshakwenda kulala. Nikaanza kurudia. Mwenye baa akaja taratibu, akaniinamia sikioni: "Mwanangu, wageni wa mapema umewapa wali wote. Hawa wa karamu watakula nini?"

Sikuitwa tena kwa miezi mitatu.

DJ wa kufungua usiku ana kazi ambayo hata wenzake huidharau. Anatakiwa kufanya chumba kitupu kisionekane kitupu. Anapiga muziki ambao mtu anaweza kuongea juu yake, mwendo wa chini, nyimbo ambazo watu wanazipenda lakini hawakuja kwa ajili yake. Anaacha njaa. Akimaliza zamu yake watu wawe wanatikisa kichwa, si zaidi. Kampala inachelewa kutoka, saa tano usiku bado ni jioni, kwa hiyo zamu hiyo ni ndefu na haina makofi. Nikitaka kujua kama kijana atakuja kuwa DJ wa kweli, huwa siendi kumtazama saa nane. Naenda saa tatu na nusu.

Halafu ukumbi unajaa, na inabidi ausome. Neno hili "kuusoma ukumbi" kila mtu analitamka, wachache wanasema unasomwa wapi. Baa nyingi za kwetu hazina sehemu rasmi ya kuchezea. Watu wanacheza pembeni ya meza yao, bia ikiwa karibu na pochi ikiwa karibu zaidi. Kwa hiyo ukingojea uwanja ujae utangoja mpaka alfajiri. Unasoma miguu chini ya viti virefu: inagonga au imetulia? Unasoma mabega ya wale walioipa spika mgongo. Unasoma nani anaimba midomo bila kujua kwamba anaimba. Na unasoma mikoba.

Nieleze hilo la mikoba. Ilikuwa Jumamosi, Kabalagala, saa saba na robo usiku, nami nimekaa juu ya kreti nyuma ya Mwalimu. Ukumbi ulikuwa umejaa lakini umeanza kuchoka, ile hali ya watu kuangalia simu. Mwalimu alikuwa ameshauweka tayari wimbo mkubwa wa msimu ule. Niliuona kwenye skrini, niliusikia ukinong'ona kutoka kwenye hedifoni iliyoning'inia shingoni mwake. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe. Fungu likaisha, hakubonyeza. Fungu jingine likaisha, hakubonyeza. Nikadhani amelala.

Alikuwa anatazama meza moja karibu na nguzo. Kina dada wanne, wawili wameshavaa mikoba begani. Hao wanaondoka, na wakiondoka hao wanne, meza mbili za wanaume zilizo nyuma yao zitalipa bili ndani ya dakika kumi. Kila aliyefanya kazi usiku anaijua hesabu hiyo. Mimi ningebonyeza. Kumbe wimbo mkubwa ungewafanya wasimame, wacheze dakika tatu mlangoni, waondoke wakiwa na furaha. Mwalimu akautoa. Akaweka kitu cha zamani cha Jose Chameleone, kimoja cha vile alivyoimba kwa Kiswahili, ambacho hao dada lazima walikisikia wakiwa shuleni. Mmoja akaweka mkono kinywani. Wa pili akamshika mkono wa tatu. Mkoba wa kwanza ukarudi mezani. Akafuatisha na kingine cha umri huo huo, mkoba wa pili ukarudi, wakaita mhudumu. Ule wimbo mkubwa ukaja dakika 20 baadaye, watu wakiwa wameshasimama wenyewe, na paa nusura ling'oke.

Chameleone mwenyewe, kwa taarifa yako, aliwahi kuwa DJ Mbarara katika miaka ya 1990 kabla hajawa mwimbaji. Huwa nawaza kwamba alijifunzia huko ni wimbo gani unaorudisha mkoba mezani.

Sasa kuna kaunta. DJ anayewachezesha watu saa mbili bila kupumzisha anapendwa na wachezaji na kuchukiwa na mwenye baa, kwa sababu mtu anayeruka hanunui kitu. Anayepiga nyimbo za kukaa tu anauza bia moja moja. Mzuri anakwenda kwa mawimbi: anawapandisha robo saa au dakika 20, anawashusha kwa nyimbo mbili tatu tamu lakini nyepesi, watu wanapangusa jasho, wanaagiza, anawapandisha tena juu kidogo kuliko mara ya kwanza. Wasomi wa muziki watakuambia hiyo ni sanaa ya kujenga hisia. Keshia atakuambia ni mauzo. Wote wawili wanaongea habari moja.

Lugha ngapi ndani ya chumba kimoja

Kampala si mji wa muziki mmoja. Ndani ya chumba kimoja unaweza kuwa na Waganda wanaotaka kidandali, muziki wa kuchezwa wa hapa hapa Uganda, Wakongo wa Kansanga wanaongojea sebene, Wakenya wanaotaka vitu vya Nairobi, Wasudan Kusini, wanafunzi wenye amapiano vichwani, na mzee mmoja aliyekuja kusikiliza nyimbo za ujana wake na asiyekubali kuondoka. DJ asiyejua anagawa: nyimbo mbili kwa hawa, mbili kwa wale, kama anayegawa sabuni ya msaada. Matokeo yake robo ya ukumbi inacheza na robo tatu inangoja zamu yake. DJ mzuri anatafuta daraja. Kuna gitaa la Kikongo ndani ya nyimbo nyingi za Afrika Mashariki. Anaanzia hapo, Mkongo anasikia nyumbani na Mganda hajatoka kwao. Ukienda Mbale mwaka wa kugawanyika kwa mbili, wakati wa imbalu, yaani tohara ya Wagisu, usishangae kusikia mdundo wa kadodi, ngoma ya tohara hiyo, umeingizwa chini ya dansihole. Huo ndio ufundi ninaousema, na hautoki kwenye orodha ya nyimbo kumi bora.

Mfano unaoonekana na wote ni Kampire, DJ wa Kampala aliyekulia Ndola, Zambia. Mkusanyiko alioutoa mwaka 2024, A Dancefloor in Ndola, ni nyimbo za Kongo, Zambia na za majirani zilizochezwa utotoni mwake, si za chati. Hilo linanifundisha kwamba maktaba ya DJ haipimwi kwa gigabaiti. Nimekutana na vijana wenye nyimbo 40,000 ambao hawajui 400. Mwalimu alikuwa na chache, lakini kila moja aliijua inaanzia wapi, inapumulia wapi, na inamliza nani. Na kwa kuwa nimemtaja mwanamke: DJ Rachael, anayehesabiwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kushika kazi hii Afrika Mashariki, yumo tangu miaka ya 1990, na bado hadi leo msichana akipanda kwenye meza ya DJ kuna mwanamume atakayemsogelea kumwonyesha swichi ya kuwashia. Ajabu.

Tamasha la Nyege Nyege, lililoanza mwaka 2015 huko Jinja, limeufungulia ulimwengu upande mwingine wa muziki huu: singeli, muziki wa arusi za Waacholi ukipigwa kwa kompyuta, vitu ambavyo klabu za Kampala zilikuwa zikiviona vya kijijini. (Msomaji wa Kiswahili akiliona jina hilo lazima ashtuke. Kwa Luganda ni ile hamu ya ghafla ya kutaka kucheza, basi tuwaachie hapo.) Lakini tusichanganye mambo. DJ wa tamasha ana saa moja, na watu waliolipa kumsikiliza yeye. DJ wa klabu ana saa sita na watu waliokuja kwa bia, kwa mchumba, au kwa kukimbia joto la nyumba ya mabati. Nimeona mabingwa wa jukwaa wakipwaya vibaya kwenye baa ya watu 80.

Maiki je? Uganda inapenda maneno. Sisi ndio nchi ambayo VJ si mtu wa video za muziki bali ni yule anayetafsiri filamu kwa Luganda kwenye vibanda, akiongeza utani wake juu ya bunduki za Marekani, na nadhani tabia hiyo imewaambukiza ma-DJ. Busia niliongea Kiswahili, maana pande zote mbili za mpaka zinakielewa. Kampala Kiswahili kwenye maiki ni mchezo wa hatari: wapo wanaokisikia wakakumbuka wanajeshi kwenye vizuizi, wapo wanaosikia bongo fleva wakatabasamu. Niligundua kwamba kuimba nacho wanakubali, kuamrishwa nacho hawataki. Kwa ujumla, ukiwa na maneno kumi ya kusema, sema mawili.

Wenye kuomba nyimbo nao ni mtihani. Mzee mmoja aliwahi kuja na noti ya elfu ishirini, akaiweka juu ya laptopu ya Mwalimu.

"DJ, weka Lingala bwana. Tumechoka na hizi piano."

"Inakuja, mzee wangu. Ila ukinipa nusu saa nitakuwekea ukiwa na mtu wa kucheza naye."

Mzee akageuka, akautazama ukumbi, akacheka. Noti akaiacha. Lingala ikaja baada ya nusu saa kamili, na kweli hakucheza peke yake.

Mambo yasiyo na sifa

Kuna mengine nitayapitia haraka. Umeme ukikatika, laptopu inabaki na betri lakini miksa inazima, na kati ya giza na jenereta kuna sekunde ambazo DJ hana ala yoyote isipokuwa koo lake. Anayejua anawaimbisha kibwagizo walichokuwa nacho. Masikio: wataalamu wa usalama kazini wa Marekani, NIOSH, wanasema desibeli 85 unaweza kuzivumilia saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 100 una dakika 15. DJ anakaa hapo usiku mzima. Mimi sikio la kushoto, la upande wa hedifoni, linalia mluzi mpaka leo ninapoandika. Pombe: kila mtu atataka kukununulia, na hakuna anayekununulia maji.

Na kutokuwa na kazi. Klabu za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona na hazikufunguliwa hadi tarehe 24 Januari 2022, karibu miaka miwili. Ma-DJ wengi walipiga muziki mtandaoni bila malipo, wengine wakauza vifaa. Waliorudi walikuta ukumbi umebadilika: waliokuwa na miaka 17 sasa wana 19, hawajawahi kuingia klabu, wanajua nyimbo kwa vipande vya sekunde 15 vya kwenye simu. Ukiwaacha na wimbo kwa dakika nne wanachoka. Mwalimu alinung'unika wiki mbili, kisha akaanza kukata nyimbo fupi fupi. Hakusema kitu.

Imebaki saa ya mwisho, nayo wengi hawaijui kabisa. Kufunga ukumbi ni kazi kama kuufungua. Ukipiga wimbo mkali mwishoni, watu watapaza sauti, "Moja tu! Moja tu!", mabaunsa watalazimika kusukumana na watu walioamshwa upya, na ugomvi wa mlangoni utakuwa wako. Kwa hiyo mwendo unashuka kidogo kidogo kuanzia saa kumi, taa zinaongezwa kwa kipimo, na besi inapunguzwa ili masikio yaanze kusikia barabara. Mwalimu kila mara alimalizia na rumba ya zamani, zile ndefu zinazoanza kwa upole na kulipuka nusu ya pili. Nilimtazama mara nyingi. Gitaa la kwanza lilikuwa linaanza kujinyoosha, sebene iko mlangoni, wazee wameshainua mikono. Hapo hapo, kwa kidole kimoja, alikuwa anaishusha sauti polepole mpaka ikaisha, sebene ikiwa bado haijaingia. Watu walisimama kidogo, wakatazamana, wakaanza kutafuta viatu vyao chini ya meza. Nje mwuza rolex alikuwa ameshavunja mayai.